Mgeni wa Ngoma Kutoka Kentucky

Ukifika kwenye makanisa ya Wakongo kule South End, Louisville, jimbo la Kentucky, ukauliza nani mjuzi wa muziki, utatajiwa watu saba, na wote saba watakutajia wa nane: Mushagalusa. Lakini mwombe Mushagalusa akuimbie ubeti mmoja tu, atakuambia koo linamsumbua. Koo hilo linamsumbua tangu akiwa na miaka kumi na miwili, siku ambayo mwalimu wa kwaya kijijini kwao Walungu, mashariki mwa Kongo, alimsimamisha katikati ya mazoezi akamwomba, kwa upole kabisa, aende akashike mlango usipigwe na upepo.

Alikwenda akaushika. Pembeni mwa mlango palikuwa na betri ya gari, na kutoka kwenye betri zilitoka nyaya mbili zilizokwenda hadi kwenye spika pekee ya kanisa. Mtoto hawezi kushika mlango saa mbili nzima bila kuangalia kitu. Mushagalusa aliangalia nyaya. Baada ya mwezi alijua zinakotoka na zinakokwenda, na mwaka ulipoisha, yeye ndiye aliyeitwa spika ilipozima.

Leo ana miaka hamsini na sita. Siku za kazi yuko kiwandani, anafunga milango ya friji. Jumamosi hupakia koleo, bisibisi na mafurushi ya waya kwenye gari lake la kijani, akaenda popote spika inapolia kama paka aliyekanyagwa. Huitwa hadi Columbus, kwenye kumbi za harusi za Morse Road. Huitwa hadi Buffalo, ambako mdogo wake Bahizire ni mzee wa kanisa. Kwaya zinapopanda jukwaani yeye huwa nyuma kabisa, amekaa juu ya sanduku, sikio moja limeelekea spika ya kulia. Mkewe, Nzigire, ndiye mwimbaji. Amekuwa sauti ya kwanza kwa miaka thelathini, tangu kambi ya wakimbizi Uganda, na hajawahi kumlaumu mumewe kwa lile koo.

Binti yao mkubwa, Séphora, alisomea uuguzi Columbus. Huko alikutana na Henning, kijana mrefu wa Uswidi aliyekuja kusoma mambo ya misitu kwa mwaka mmoja. Mwaka huo mmoja ulikuwa mrefu, ukafika miaka mitatu, na ulipokwisha wote wawili walihamia Uswidi. Jumapili moja ya Aprili, Séphora alipiga simu.

"Papa, wazazi wa Henning wanawaalika mwezi wa sita," alisema. "Kuna sikukuu ya kiangazi kijijini kwao. Wanataka kuwafahamu kabla ya mambo ya ndoa."

Mushagalusa alisema atafikiria, maana yake atampigia Bahizire. Bahizire ndiye msemaji wa ukoo. Alizaliwa nyuma yake lakini maneno yalimwangukia yeye.

"Mukubwa, sikiliza," Bahizire alisema kutoka Buffalo. "Binti njo wetu. Donc ni bo banapashwa kuja kwetu. Tangu lini baba ya musichana anabeba valizi, anaenda kubisha mulango ya muchumba?"

"Mama ya Henning alipasuliwa nyonga. Daktari anakataza ndege mpaka mwezi wa tisa."

"Bon. Mungoje mwezi wa tisa."

Nzigire, aliyekuwa akikatakata sombe, majani ya muhogo, huku simu iko wazi mezani, alisogea karibu. "Shemeji, siye hatuendi kama bakwe," alisema. "Tunaenda kama batalii."

Bahizire alikuwa anaipima hoja hiyo, akiitafuta tundu.

"Kama ni utalii, sina neno," alisema mwishowe. "Lakini musikubali kiti ya mbele. Mukae kitalii."

Basi walikwenda kitalii. Kwenye masanduku Nzigire alipakia unga wa muhogo, vitenge viwili, na mfuko wa ndagala, wale dagaa wakavu, uliofungwa mara nne, ambao hata hivyo ulijitambulisha kwa kila mtu aliyepita karibu. Walipanda ndege hadi Chicago, nyingine hadi Stockholm, halafu treni iliyokatiza misitu kwa saa tatu bila kuishiwa miti. Mwisho wa miti Séphora na Henning walikuwa wamesimama kwenye stesheni ndogo, na kutoka hapo walikwenda kwa gari hadi Norrbo.

Norrbo ni nyumba ishirini kando ya ziwa, zote nyekundu na kona nyeupe, kana kwamba kijiji kizima kilichovya brashi kwenye ndoo moja. Mamake Henning, Gunvor, aliwapokea mlangoni kwa mkongojo. Alikuwa mwalimu wa muziki kabla ya kustaafu, mama mwenye mabega mapana na macho yasiyotulia. Nyuma yake alisimama mumewe, Sixten, tarishi mstaafu. Sixten aliwapa mkono, akafikiri, akasema, "Karibuni." Hilo likawa neno lake la siku hiyo.

Sebuleni palining'inia fidla sita, filimbi tatu na kodiani moja kubwa kama sanduku la mvinyo. Babake Gunvor alikuwa mpiga fidla, babu yake pia, na nyuma yao wengine ambao picha zao zilipangwa ukutani, kila mmoja na fidla kidevuni na uso wa mtu aliyeambiwa asicheke. Dada wawili wa Henning, waliokaa nyumba za jirani, walikuja kwa chakula cha jioni na vyombo vyao mgongoni, kama watu wengine wanavyokuja na miavuli.

Walikula viazi vichanga na samaki waliolowekwa kwenye siki na sukari. Mushagalusa alimeza kipande cha kwanza na kuvuta glasi ya maji. Nzigire alimeza, akaomba cha pili, halafu akaenda kufungua ule mfuko wake. Gunvor alinusa ndagala, akafumba macho, akamnong'oneza Henning kitu.

"Anasema sasa ana imani na ndoa hii," Henning alitafsiri.

Kuanzia hapo mazungumzo yalikuwa kwa Kiingereza, cha kwao cha darasani na cha Mushagalusa cha kiwandani.

"Séphora katuambia nyumbani kwenu mko kwenye muziki," Gunvor alisema.

"Ndiyo," alisema Mushagalusa. "Mke wangu anaimba. Na mimi niko kwenye muziki miaka zaidi ya ishirini. Kila Jumamosi. Louisville, Columbus, Buffalo."

"Miji mitatu," alisema Gunvor, akiwatazama binti zake.

"Na kabla ya hapo?" aliuliza mmoja wao.

"Uganda. Harusi zote za kambi. Bila mimi hawaanzi."

Kila neno lilikuwa la kweli. Nzigire alimtazama mumewe kwa pembe ya jicho, akaendelea kula samaki.

Baada ya chakula walishusha vyombo ukutani wakapiga. Ulikuwa muziki wa mapigo matatu, la pili likikawia kidogo, kama mtu anayesita kabla ya kuruka mtaro. Gunvor aliongoza ameketi, Henning akafuata, dada zake wakazungusha sauti chini yao. Mwisho wa benchi alikaa Sixten, fidla chini ya kidevu, macho yamefumbwa, upinde ukienda na kurudi kwa utulivu mkubwa. Mushagalusa alimwonea wivu. Alijisemea kwamba mtu asiyeongea pengine hutoa yote kwa njia hiyo.

Siku ya tatu, yeye na Nzigire walitembea hadi dukani kununua maziwa. Kwenye mlango wa duka palibandikwa tangazo lenye picha ya maua na fidla. Mushagalusa alilipita, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili. Katikati ya maneno ya Kiswidi palikuwa na neno alilolijua tangu utotoni, ingawa lilikuwa limeongezewa herufi moja: MUSHAGALUSHA.

Msichana wa dukani aliwasomea kwa furaha. "Ijumaa, sikukuu ya kiangazi, uwanjani. Wanamuziki wa Norrbo. Mgeni maalumu, mpiga ngoma mashuhuri Mushagalusha, kutoka Kongo na Kentucky." Kisha akamtazama. "Ni wewe?"

Mushagalusa alisema ni yeye, kwa sababu jina lilikuwa lake kwa kiasi kikubwa. Nzigire alilazimika kuegemea friji ya maziwa.

"Mama Séphora, unacheka nini?" aliuliza walipotoka nje.

"Minacheka kwa sababu siyaona bado mutu anaenda kutalii, anarudi staa."

"Weye ubaambie ukweli. Weye unajua kusema na Gunvor."

"Mimi nilisemewa ni mwimbaji, na niko mwimbaji," alisema Nzigire, akipangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Weye njo ulitaja miji tatu kama mutu ya concert. Nani alikuuliza Buffalo?"

Walipofika nyumbani ngoma ilikuwa imeshawasili. Ilikaa juu ya kiti sebuleni, ngoma ndefu ya Afrika Magharibi ya kupigwa kwa viganja, kama mgeni aliyefika mapema. Sixten alikuwa amepanda basi hadi shule ya mbali kwenda kuiazima, akaipaka mafuta, akaishonea mkanda mpya wa ngozi. Alisimama pembeni yake, mikono nyuma, akisubiri kuona kama mgeni ataipenda.

"Nzuri sana," alisema Mushagalusa. Angesema nini?

Kesho yake asubuhi alijaribu kwa Gunvor, juu ya kahawa. Alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri. "Gunvor, mimi si mwanamuziki," alianza. "Mimi ni fundi tu wa muziki."

Gunvor aliweka kikombe chini na kumshika mkono. "Baba yangu alisema hivyo hivyo maisha yake yote," alisema. "Wakubwa wote husema hivyo."

Mushagalusa alikunywa kahawa yake.

Mchana alimfuata Séphora nyuma ya banda la kuni na kumweleza. Séphora alisikiliza kwa mikono kiunoni, kama wauguzi wanavyomsikiliza mgonjwa aliyeacha dawa. Kisha akajibu kwa Kiingereza, lugha aliyoitumia alipotaka kushinda.

"Papa, ni ngoma tu. Si unaipiga basi."

"Séphora, unanijua."

Alimjua. Alikumbuka siku za kuzaliwa kwake, babake akipiga makofi kando kidogo ya wimbo, daima kando kidogo, kwa upendo mwingi. Akalainika. "Basi niache nimwambie Gunvor."

"Hapana. Baba ya bibi-harusi hatumi mutoto kumuombea musamaha. Nitasema mwenyewe."

Lakini siku zilikuwa zimebaki mbili, na kijiji kizima kilianza kumsalimia kwa kupiga mapaja kwa viganja. Watu walikuwa wema. Ndilo lililomchoma zaidi. Aliogopa kwamba jambo la kwanza watu hawa watakalolijua juu ya ukoo wa Séphora ni kwamba baba yake ni mwongo, na kwamba Bahizire atalisikia huko Buffalo na kusema hii njo matokeo ya utalii.

Alhamisi alimkuta Sixten peke yake bandani, akichonga kigingi cha kukazia nyuzi za fidla kwa kisu kidogo. Palikuwa na harufu ya mbao na gundi, na zana zimepangwa ukutani kila moja ndani ya kivuli chake cha penseli. Mushagalusa alijisikia yuko kwao. Alivuta kigoda, akachukua karatasi ya msasa bila kuombwa, akaanza kulainisha kigingi kilichokwisha chongwa. Wakafanya kazi muda mrefu.

"Sixten," alisema hatimaye, "sijui kupiga ngoma. Sijui kupiga chochote. Natengeneza spika."

Kisu kilisimama. Sixten aliangalia kigingi, akaangalia dirisha, akaangalia ziwa lililokuwa nje ya dirisha. Mushagalusa alianza kupanga jinsi ya kubeba masanduku hadi stesheni.

"Hata mimi," alisema Sixten.

"Hata wewe nini?"

Sixten alinyanyuka, akafunga mlango wa banda, akashusha fidla yake kutoka kwenye msumari. Aliiweka kidevuni na kuvuta upinde juu ya nyuzi, taratibu, kwa ule utulivu wake wa jioni. Hakuna kilichosikika isipokuwa mkwaruzo mwembamba, kama karatasi inayoburutwa juu ya meza. Akampa Mushagalusa upinde. Mushagalusa alipitisha kidole kwenye nywele za farasi zilizotandwa juu yake. Zilikuwa laini na zenye kuteleza.

"Wenzangu hupaka utomvu mkavu wa msonobari," alisema Sixten. "Ndio unaozifanya nywele zishike nyuzi. Bila utomvu hazishiki. Hazitoi sauti. Mimi sipaki."

"Tangu lini?"

"Miaka thelathini na minne."

Siku hiyo Sixten aliongea zaidi kuliko siku zote tangu wageni wafike. Babake Gunvor alikuwa ametangaza kwamba hakuna mwanamume atakayeoa katika nyumba ile bila kupiga fidla. Sixten alijifunza wimbo mmoja kwa majira mazima ya baridi, akaupiga mbele ya mzee, akakubaliwa. Wa pili ulimshinda. Jioni moja baada ya harusi alisahau kupaka utomvu, akavuta upinde bila sauti mpaka mwisho, na mzee akamsifu kwamba sasa ametulia. Basi hakupaka tena.

Mushagalusa alicheka mpaka akashika meza ya kazi kwa mikono miwili. Sixten alicheka bila sauti, mabega tu. Kisha, kwa kuwa ni fundi, Mushagalusa alitaka kujua maelezo.

"Na siku mkiwa wawili tu mnapiga?"

"Natoka kuleta kuni."

"Na kiangazi, wakati hakuna moto?"

"Kahawa."

"Na wakitaka upige peke yako?"

"Nakohoa," alisema Sixten.

Wakakubaliana mpango. Mushagalusa atakaa kando ya Sixten, na viganja vyake vitashuka kwa nguvu lakini visimame unywele mmoja juu ya ngozi. Walijizoeza humo bandani kwa saa nzima, mmoja akipiga fidla isiyolia, mwingine ngoma isiyogongwa, wakiitikiana kwa vichwa, na kwa mara ya kwanza maishani Mushagalusa hakutoka nje ya mapigo.

Ijumaa mvua ilinyesha asubuhi, kama inavyonyesha kila mwaka siku hiyo, Henning alisema, halafu ikaacha. Watu kama mia mbili walikuja uwanjani na mataji ya maua vichwani. Wanaume walisimamisha nguzo ndefu iliyovishwa majani, wengine wakisukuma na wengine wakitoa ushauri. Gunvor alikuwa amevaa nguo za jadi za kwao, na juu yake, kiunoni, kitenge alicholetewa na Nzigire, kilichofungwa vizuri kabisa, maana Nzigire mwenyewe ndiye aliyekifunga.

Nyimbo tatu zilipita salama. Viganja vya Mushagalusa vilishuka na kusimama, vikashuka na kusimama. Sixten alikuwa amefumba macho. Mzee mmoja mwenye kofia mstari wa mbele aliwatazama wote wawili kwa makini, akatingisha kichwa kwa kuridhika. Séphora, aliyejua nusu ya siri, alitazama nguzo tu.

Baada ya wimbo wa tatu Gunvor alisimama kwa mkongojo wake. Alisema kitu kwa Kiswidi kilichokuwa na jina la Mushagalusa ndani yake, akaketi, na watu wote wakamgeukia. Henning aliinama sikioni mwa mkwewe. "Anasema sasa mgeni wetu atapiga peke yake."

Mushagalusa alimtazama Sixten. Sixten alikohoa, lakini kikohozi hicho kilimfaa yeye peke yake na hakikusaidia.

Basi aliigonga. Ikatoa sauti moja, nzito, nzuri. Watu wakatabasamu. Akagonga tena, na pigo la pili likaangukia mahali ambapo hakuna aliyelitarajia, hata yeye. La tatu lilichelewa, la nne likalipita la tatu mbio. Mtoto mmoja akauliza kitu kwa sauti na mamake akamnyamazisha. Mushagalusa aliacha mikono yake ilale juu ya ngozi ya ngoma. Alihisi jasho likimshuka nyuma ya masikio, na hakukuwa na mlango wa kushika.

Hapo Sixten alisimama. Alisogea mbele ya uwanja, mahali ambapo hajawahi kusimama, akasema kwa Kiswidi maneno ambayo Henning aliyatafsiri huku akimtumbulia macho babake.

"Mgeni wetu hapigi ngoma. Ni fundi wa spika, na ni fundi mzuri, nimeona mikono yake. Makosa ni yetu, hatukumuuliza vizuri. Na mimi sipigi fidla. Upinde wangu haujapakwa utomvu tangu kabla Henning hajazaliwa."

Ili wasije wakafikiri anatania, aliinua fidla na kuupitisha upinde kwenye nyuzi zote, mwanzo hadi mwisho. Kijiji kizima kilisikiliza. Ilikuwa mara ya kwanza Norrbo kumsikia Sixten akipiga peke yake.

"Tunajua, Sixten," alisema Gunvor.

Sixten aligeuka.

"Utomvu wa nyumba nzima nanunua mimi," Gunvor aliendelea. "Kipande chako ni kile kile nilichokupa mwaka tuliooana. Hakijapungua hata ukucha."

"Sote tunajua," alisema yule mzee mwenye kofia. "Baba mkwe wako pia alijua. Alituambia kwenye uvuvi."

Sixten alishusha fidla. "Mbona hamkusema?"

"Ulionekana unafurahi," alisema Gunvor.

Hakuna aliyejua lifuatalo ni nini. Mushagalusa alivua mkanda wa ngoma, akasimama kando ya Sixten, akasema kwa kile Kiingereza chake cha kiwandani: "Poleni. Mimi nilisema miji mitatu. Ni kweli, lakini nilikuwa nyuma ya spika. Mke wangu ndiye mnamtaka."

Nzigire alikuwa ameficha uso kwenye taji lake la maua, mabega yakitetemeka. Aliposikia hivyo alilivaa vizuri, akapanda, akaanza wimbo wa harusi wa Kishi, lugha ya kwao Walungu, anaouimba bila kipaza sauti tangu ujana wake. Sauti yake ilivuka uwanja ikagonga ziwa. Ubeti wa kwanza Gunvor alisikiliza kwa kichwa upande. Ubeti wa pili aliipata njia yake na kuingia chini kwa fidla, binti zake wakamfuata, na kufikia wa nne watu walikuwa wanaizunguka nguzo kwa hatua za Kiswidi juu ya wimbo wa Walungu, na hakuna aliyeona ajabu. Baba wawili walikwenda kukaa kwenye benchi nyuma, wakala stroberi.

Siku tisa zilizobaki zilikuwa za raha. Jambo gumu lilikuwa moja tu: jioni ya kwanza bila fidla, Sixten hakujua mikono yake aiweke wapi. Aliiweka magotini, akaiweka mfukoni, akaenda kuleta kuni ambazo hazikuhitajika. Mushagalusa alichora ubao kwenye sakafu ya baraza, akakusanya vifuniko vya chupa, akamfundisha dama, yaani drafti, kama inavyochezwa mjini Bukavu, ambako kumla mwenzako bila kumsema kwa utani ni utovu wa adabu. Sixten alichukua siku nne kujifunza kusema. Siku ya tano alikula vifuniko vitatu kwa mpigo mmoja akasema, "Bon," na ndani Gunvor akasimamisha muziki kuuliza nani kaja.

Mwezi wa kumi, nyonga ilipopona, zamu ikawa ya Waswidi kuja. Bahizire alishikilia kwamba safari hii si utalii na kwamba shughuli itafanyika kwake Buffalo, kwa sababu ana sebule kubwa na yeye ndiye msemaji. Gunvor hakubisha, maana alikuwa amesikia kwamba maporomoko makubwa ya maji yako karibu na hapo. Mushagalusa na Nzigire walipanda gari kutoka Louisville, wakawapitia binamu Columbus, na Jumamosi mchana sebule ilikuwa na safu mbili za viti vilivyotazamana: upande mmoja watu ishirini na watatu, upande wa pili Gunvor, Henning na Sixten aliyevaa shati la kitenge lililopigwa pasi zaidi ya kawaida.

Bahizire alifungua kwa sala, akauliza kwa heshima zote wageni hawa wamekuja kutafuta nini, na kama wana msemaji.

Sixten alisimama. Kwa desturi Séphora hakuruhusiwa kuwemo, kwa hiyo Henning alitafsiri.

"Tunampenda Séphora," alisema Sixten. "Tungependa na yeye atupende."

Akaketi.

Bahizire alingoja. Kwa kawaida msemaji wa mume huanza na safari, akapita kwenye mito, akasema ameona ua zuri bustanini mwa watu, na hufika kwenye jina la msichana baada ya nusu saa. Alingoja mpaka chai ikaacha kutoa mvuke. Kisha akamwinamia kaka yake.

"Mukubwa, amemaliza?"

"Amemaliza," alisema Mushagalusa. "Na kwake hiyo ni hotuba murefu sana. Asubuhi yote alikuwa anaizoeza."

Bahizire alitazama karatasi zake nne za majibu, zilizoandikwa pande zote mbili. Alimtazama Sixten, aliyekuwa amekaa wima kabisa na kutoka jasho. Kisha akasimama na kuzisoma zote, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu alikuwa amezitolea jasho kwa wiki mbili, na Sixten alimsikiliza mpaka neno la mwisho bila kuelewa hata moja.

"Ana maneno mazuri," Sixten alimwambia Mushagalusa baadaye, wakishika sahani. "Mengi."

Ombi lilikubaliwa. Nzigire alipiga kigelegele na wanawake wote wakamjibu, na Gunvor, mwalimu wa muziki miaka arobaini, aliweka sahani chini na kutaka kuonyeshwa ulimi unakwendaje. Walimfundisha jikoni. Alitoa sauti kama birika linaloanza kuchemka. Waliporudi sebuleni alikataa kukata tamaa, akasema chombo chochote kinataka mazoezi na mahali pa faragha.

Kesho yake baada ya ibada waliwapeleka kwenye maporomoko. Maji yalinguruma kiasi kwamba Bahizire mwenyewe aliacha kusema. Gunvor alisogea hadi kwenye kizuizi cha chuma, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaangalia kulia na kushoto, akavuta pumzi. Kundi la watalii waliokuwa hatua ishirini kutoka hapo liligeuka lote kwa pamoja, na Nzigire, aliyekuwa mbali zaidi na wote, akainua mikono na kumjibu kwa kigelegele.